Kabla Hujatoa Jiwe

Soweto, Mbeya

Mwanangu Kabula,

Umeikuta barua hii mahali ambapo watu hawaweki barua: chini ya lori, imefungwa kwenye gogo linalozuia gurudumu la nyuma, pamoja na kitu kingine ambacho bila shaka umekitambua. Usikitikise bado. Wala gogo usilivute. Masele mpe mama yako ambebe, Limi mkalishe ubavuni pako, nawe keti kwenye ngazi ya lori usome. Mumeo akipiga honi, mwache apige. Nimekwisha mwambia kwamba asubuhi hii atasubiri. Alicheka akasema, "Baba, kwani barua yenyewe ni gazeti?" Nikamjibu kwamba magazeti hayajawahi kuandika habari hii.

Sikuandikii mambo ya kila siku. Maji ya kuchemsha, dawa ya macho ya Limi, chumvi isiyoloa, hayo mama yako ameyasema wiki nzima, hata kuku wa jirani wameyajua. Nakuandikia jambo moja tu ambalo wewe na mimi hatujawahi kulizungumza tangu ulipokuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili. Nilidhani limebaki Igawa. Jana alasiri nililiona likiingia uwanjani kwangu. (Nasema jana, ingawa kwangu mimi ni leo bado, nahesabu kama utakavyohesabu wewe utakapokuwa unasoma.)

Unakumbuka nilikuwa nazunguka lori na mumeo Festo. Nililipenda, sikatai. Ile nyumba ya mbao mgongoni imejengwa na mtu aliyewahi kulala safarini: kitanda chenu mbele, vya watoto ubavuni vya kukunja, dirisha lina wavu, kabati lina komeo. Kwa kazi ya kutengeneza nguzo na nyaya za simu kutoka hapa mpaka Iringa, kambi ikihama kila mara, hamtapata nyumba nzuri kuliko hiyo. Nikaona mahali utakapotundika nepi, nikafurahi. Kisha nikaanza kuuliza maswali ya dereva.

"Betri vipi?"

"Ya kubahatisha, baba. Asubuhi zikiwa za baridi inajifanya haikusikia."

"Kwa hiyo mnaliwasha kwa mteremko."

"Kama mlivyokuwa mkifanya nyinyi. Kabula amenisimulia."

"Na breki ya mkono?"

"Inashika ikipenda. Hii ni breki ya Kisukuma, mpaka uiimbie kwanza."

Nikamwambia heri ya Kisukuma kuliko ya Kihehe, ambayo haishiki mpaka ulanzi uishe mtungini. Tukacheka wote wawili. Ni kijana mwema, Festo, ingawa ni Mhehe. Hajawahi kunionyesha kwamba nimemchosha. Kisha nikauliza, kwa sauti ileile ya utani, "Na nani anatoa jiwe?"

"Kabula," akasema. "Nani mwingine?"

Wakati huohuo Limi akapita nyuma yetu, nami nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa na njuga miguuni. Ukasema kutoka mlangoni, "Nimemfunga njuga, baba. Safari hii sitaki kubahatisha." Nikapanda ndani nikaona na mkanda wa turubai ulioushonea kitanda chake, una mafundo ambayo hata mimi, mtu wa kamba za ng'ombe, sikuyajua mwanzo wala mwisho.

Safari hii. Sijui kama ulijisikia ukilisema neno hilo. Mimi nililisikia.

Unajua tulivyofika kusini, lakini unajua kama mtoto anavyojua: vumbi, treni, mgongo wa mama. Mimi niliondoka Shinyanga mwaka wa ukame, mimi na baba yako mdogo, tukiswaga ng'ombe waliobaki, tukalala porini, tukafika kwenye tambarare za Usangu mahali ambapo majani yalimfika ng'ombe tumboni. Tulidhani tumefika. Baada ya masika mawili ugonjwa wa mifugo ukapita ukawamaliza, na mimi nikawa mtu wa ng'ombe asiye na ng'ombe, jambo ambalo kwetu halina hata jina. Kilichobaki kilikuwa kusoma nilikofundishwa na mapadri, na tabia ya kuokota kila karatasi yenye maandishi. Nikajifunza lori. Wachimba visima wakaniajiri, wakanipa lori lenye nyumba ya mbao mgongoni ili niwe pamoja na mashine yao popote inapokwenda. Nikamleta mama yako, nikakuleta wewe, na huko ndiko alikozaliwa mdogo wako Ngasa.

Lile lori lilikuja na kitabu chake cha Kiingereza. Nilikisoma jalada hadi jalada, kamusi magotini, mpaka nikaijua kila nati kwa jina. Hakikuwa na neno hata moja kuhusu watoto. Kiliandikwa kwa ajili ya dereva ambaye watoto wake wamebaki nyumbani. Kwetu sisi nyumbani ndiko kulikokuwa na magurudumu.

Kwa hiyo tulijifunza kwa kukosea. Kosa la kwanza lilikuwa la baridi, na ninalisema kwa sababu mtalala Mafinga na Makambako miezi ileile ya baridi. Mtu wa Shinyanga haijui baridi. Anadhani ni hali ya hewa, kumbe ni mgeni anayeingia ndani na kukaa. Tulipofika Mafinga mara ya kwanza, mama yako akaingiza jiko la mkaa ndani ya lori, nami nikaziba nyufa zote kwa magazeti niliyokwisha yasoma, nikajiona fundi. Alfajiri, kuku wetu mwekundu aliyekuwa kwenye tenga chini ya kitanda alikuwa amekufa bila jeraha. Wewe ulikuwa unatapika. Mama yako hakuweza kusimama. Mimi niliufungua mlango kwa kuuangukia. Bibi mmoja wa Kihehe aliyekuwa akipita na kuni alitutazama tukiwa tumelala kwenye umande, akasema, "Nyinyi mlitaka kufa mkiwa mmeota moto vizuri?" Yule kuku hatukumla. Mama yako alimzika, na hujawahi kumwona Msukuma akizika kuku. Tangu siku ile jiko letu halikuvuka kizingiti tena, na sina haja ya kukwambia usivushe lako.

Kosa kama hilo hufundisha mara moja, kwa sababu lina sura ya kosa. Gumu ni lile lenye sura ya hekima.

Kwetu kaskazini tuliwajua ng'ombe kwa masikio. Nikiwa mtoto ningeweza kulala chali kwenye kivuli na kukwambia kundi limefika wapi, kwa kengele tu. Basi Ngasa alipoanza kutembea, nasi tunaishi kando ya barabara ambako malori yalipita mchana kutwa, nilimwendea fundi wa bati nikamwomba anitengenezee njuga ndogo za miguu. Mama yako aliweza kupika, kufua, kusuka ukili, huku masikio yake yakimchunga mtoto. Zikilia, yuko nje. Zikinyamaza, yuko ndani amelala. Hakuna aliyetamka sheria hiyo, lakini wote tuliishi chini yake, na watu wa kambini walitusifu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kengele humsema ng'ombe anayetembea. Ng'ombe aliyelala majanini hana sauti, na kila mchungaji anajua. Ndiyo maana baba yangu, jioni ikifika, hakusikiliza tena. Alisimama kwenye mlango wa zizi akamgusa kila mmoja mgongoni akiingia. Mimi nilichukua nusu ya elimu yake nikaja nayo kusini, nusu nyingine nikaiacha Shinyanga.

Sasa Igawa. Najua unaikumbuka, lakini unakumbuka ulikokuwa wewe. Ngoja nikuonyeshe nilikokuwa mimi.

Lami ilikuwa haijafika. Tulikuwa tumeegesha kwenye ule mteremko mdogo wa kushukia mtoni, pua ya lori ikielekea chini, jiwe mbele ya gurudumu la nyuma, kwa kuwa betri yetu nayo ilikuwa ya kubahatisha. Jua lilikuwa la Usangu. Hapakuwa na mti wa karibu. Kivuli pekee kilikuwa cha lori lenyewe. Pale sokoni, kwenye mchele na samaki wakavu, watoto walikuwa wameanza kuwazomea wewe na Ngasa tangu asubuhi.

"We dada! Ndama wenu anauzwa bei gani?"

"Ameshaachishwa maziwa?"

"Mpigieni mluzi, aje kunywa maji!"

Ulikuwa umefikia umri wa kuona haya. Niliwasikia, nikaona ni mchezo, nikaendelea kufunga kamba za mashine. Laiti ningewafukuza tu.

Mchana tukaambiwa mashine inatakiwa kijiji cha mbele kabla ya jioni. Nikawa na haraka. Nikauliza kwa sauti, "Mama Kabula, tayari?" Akajibu kutoka ndani, akifunga masufuria, "Tayari!" Nikauliza, "Ngasa je?" Akasema, "Njuga kimya. Kalala huyo." Aliamini yuko kitandani nyuma ya pazia. Mimi niliamini ameshamwona. Kila mmoja alimweka mtoto mikononi mwa mwenzake, na mikono yote miwili ilikuwa mitupu.

Nikapanda. Nikakanyaga breki. Nikaita, "Kabula! Toa jiwe!"

Festo anajua, lakini nataka na wewe uelewe vizuri kinachotokea hapo. Lori linalowashwa kwa mteremko halingurumi kwanza. Jiwe likitoka, dereva anaachia breki, na lori zima, na nyumba yake na vyombo vyake, linaanza kushuka kimya kama maji. Ngurumo inakuja baadaye, dereva akiachia klachi. Lori lenye injini inayonguruma humwamsha mtoto. Lori la namna yetu halimwambii neno.

"Toa jiwe!"

Kimya. Kwenye kioo cha pembeni nikaona mgongo wako umeinama, kisha nikaona umekaa chini. Nikapiga kelele, "Kabula, umelala?" Hukujibu. Wauza samaki wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Dereva, lori lako lina mkubwa wake!" Mwingine akasema, "Mnunulie soda kwanza, ndipo atoe!" Nilikuwa mgeni pale, Msukuma kati ya watu waliokwisha kuwachoka Wasukuma na ng'ombe wao, na sasa binti yangu alikuwa ananifanya nichekwe mbele yao. Hivyo ndivyo nilivyoona. Nikaweka gia, nikaondoa mguu kwenye breki, nikashuka kwa hasira.

Kabula, nilipoondoa ule mguu lori lilishuka kidogo, upana wa kidole, likaegemea jiwe, na mbao zikalia. Nilisikia. Sikufikiri lolote. Mpaka leo, nikipita Igawa kwenye basi, nausikia mlio ule.

Nikaja nyuma nikakupiga kofi. Hukuinua mkono kujikinga. Nikadhani ni kiburi, nikainua mkono tena, na hapo ndipo nilipoona kwamba mikono yako ilikuwa na kazi. Mmoja ulikuwa umelikandamiza jiwe kwenye gurudumu. Wa pili ulikuwa chini ya kichwa cha Ngasa. Alikuwa ametandika kanga ya mama yenu kivulini na kulifanya lile jiwe mto wa kulalia, na alikuwa amelala fofofo, jasho shingoni, mdomo wazi. Miguuni hakuwa na njuga.

Ulikuwa unanitazama, midomo inatikisika, na sauti haitoki. Nadhani ilikuwa haijatoka tangu ulipoinama. Uliona ulichokiona, na badala ya kupiga ukelele ulikaa chini ukawa jiwe la pili.

Nilimvuta Ngasa kwa miguu. Akaamka akaomba maji. Mwanamke mmoja kati ya wale waliokuwa wakicheka akaanza kulia kwa sauti kama kwamba msiba umeshafika. Mama yako akaruka kutoka juu. Na mimi, mbele ya watu wote, nikasema, "Basi, nimemwona, nimemwona." Nikakwambia, "Haya, sasa toa jiwe." Ukatoa. Tukaenda.

Jioni, kambini, mama yako akawasimulia wenzetu: "Baba yake alishuka, akainama, akamwona." Ulikuwa pale, umekaa karibu na ndoo, shavu limevimba. Hukusema kitu. Nami sikusahihisha. Siku ya pili nayo ikapita, na neno lisiloondolewa siku ya kwanza huota mizizi. Mama yako ameamini hivyo miaka yote hii. Wakati huu unasoma, niko naye ndani, namweleza. Ukisikia kimya nyumbani, ni hicho.

Liko na lingine, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Siku zilizofuata niliziona zile njuga. Ulikuwa umezificha ndani ya soksi yangu kuukuu, nyuma ya dumu la mafuta. Nikaelewa mara moja: ulimvua mdogo wako asubuhi ile kwa sababu ya kuzomewa. Nikazichukua nikaziweka kwenye sanduku langu la vitabu. Wewe hukuuliza zimekwenda wapi, mimi sikuuliza zilitokaje mguuni. Nilijiambia kwamba nimekusamehe kimyakimya, na nikajiona baba mwema. Nusu ya elimu tena. Kwa sababu mtoto anayesamehewa bila kuambiwa hajui kama amesamehewa. Anajua tu kwamba kuna jambo halisemwi, naye hulijaza mwenyewe.

Jana niliona umelijaza kwa kitu gani. Umekuwa mama wa watoto wawili, unaingia kwenye lori linalowashwa kwa mteremko, na ulinzi wako wote umeuweka kwenye miguu ya Limi. Umeshika kwamba Ngasa alinusurika kufa kwa sababu njuga zilivuliwa.

Sikiliza, mwanangu. Angekuwa nazo, zingekuwa kimya vilevile. Alikuwa amelala. Mama yako angesema maneno yaleyale, "Njuga kimya, kalala huyo," na angekuwa amesema kweli. Njuga zisingemwokoa, na kuzivua hakukumtia hatarini. Aliyemtia hatarini ni mimi, niliyewafundisha wote kuridhika na kimya. Na aliyemwokoa ni mtu aliyeinama akatazama, kisha akakataa amri ya baba yake, akapigwa, na hakuachia.

Nimeishi na watu wengi wenye vyeo, na nimesoma habari za wengi zaidi. Sijaona wala kusoma jambo lililonizidi kama lile. Ilinipasa kukwambia siku ileile, pale pale, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la Igawa. Nakwambia sasa.

Kuhusu mkanda wa turubai, usiutupe, lakini ufumue yale mafundo. Baada ya Igawa mama yako alimfunga Ngasa kamba kiunoni kama mwanambuzi, na mimi niliona ni sawa. Tulikuwa tukikimbia hofu moja. Siku moja Ngasa alizunguka nguzo ya kitanda mpaka kamba ikambana tumboni, naye mama yako akakata kwa kisu huku analia, kidogo amjeruhi. Mfunge Limi lori likiwa linakwenda, hasa kwenye ule mteremko wa Mlima Nyoka; likisimama, mfungue. Na fundo usiloweza kulifungua gizani kwa mkono mmoja, Masele akiwa kwenye mkono wa pili, usimfungie mtoto. Basi, nimeahidi kutokutajia mambo ya kila siku na tayari nimeanza. Mzee ni mzee.

Jana jioni, ulipokuwa unawaogesha watoto, nilimwita Festo nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Anayetoa jiwe ndiye mwenye lori mpaka litoke."

Akasema, "Baba, lakini dereva ni mimi."

"Dereva anaiona barabara. Haoni kilicho chini yake."

Akafikiri. Kisha akauliza, "Na akikataa kulitoa, nami nina haraka?"

"Unashuka. Unainama naye. Mkono wako unabaki mfukoni."

Akaniuliza polepole, kwa heshima, "Baba, kuna siku wako haukubaki mfukoni?"

Nikamwambia ndiyo, kuna siku. Alisema tu, "Nimesikia, baba," na nadhani amesikia, kwa sababu baadaye nilimkuta amelala chali chini ya lori akitazama ni nini kinachoonekana kutoka huko. Wahehe si wabaya kama nilivyokuwa nikisema.

Sasa kitu ulichokikuta pamoja na barua. Ndizo njuga zilezile za Ngasa. Bati limeingia kutu kidogo, nimelisugua kwa majivu. Nimezifunga kwenye kamba ya gogo, na gogo lenyewe nimelichonga wiki hii kwa mti wa mkaratusi. Wewe ulidhani nachonga mwiko. Jiwe la barabarani ni la kuokota, mtoto anaweza kulifanya mto. Hili lina kamba, lina mahali pake chini ya ngazi, na Limi asizoee kulikalia. Ni gogo, lakini sisi tutaendelea kuliita jiwe.

Limi mvue zake, mpe achezee. Kengele humsema anayetembea, na katika safari hii anayetembea ni lori. Njuga zikilia hapo chini, Festo atajua, jirani atajua, na mtoto aliyelala kivulini atasikia jambo kabla ya magurudumu. Lakini zisilie mpaka wewe uwe umekwisha tazama. Umguse Limi kwa mkono, Masele kwa mkono, kama baba yangu kwenye mlango wa zizi. Sauti isikutoshe, hata ikiwa ya mtoto mwenyewe anayejibu, "Nipo." Watoto husema nipo wakiwa mahali popote. Kisha uiname upande huu, uzunguke, uiname upande wa pili. Ukiona jambo lisilokupendeza, keti juu ya hilo jiwe. Acha Festo apige honi mpaka betri iishe kabisa. Acha soko zima licheke.

Ngasa atakubebea sanduku la mwisho. Hajui habari hii. Kwake Igawa ni mahali pa kununua mchele. Ukiona vema, siku moja umsimulie wewe. Ni yako.

Mimi sitakuja hapo gurudumuni. Nikija nitaanza kuinama mwenyewe na kutazama kila upande, na utaniachia kwa heshima, na lori litaondoka likiwa limetazamwa na mtu ambaye hasafiri nalo. Nitasimama mlangoni na mama yako. Masikio yangu si yale ya machungani, lakini njuga hizo nitazisikia.

Leo hakuna atakayekuita, Kabula. Hakuna atakayesema toa jiwe. Utalitoa utakapoona wewe.

Baba yako,
Masanja